Utangulizi: Mafuta ya Mwili, Vimeng'enya na Kisukari

Msomaji mgeni wa taaluma hii huja akiwa ameshayahukumu mafuta. Karibu, ila hukumu hiyo iache mlangoni. Wapo watu wachache wanaozaliwa bila tishu ya mafuta, au nayo ikiwa haba mno, na wengi wao hupata kisukari kikali huku ini likiwa limejaa mafuta yaliyokosa pa kukaa. Kwa hiyo tunachouliza hapa ni mafuta yako wapi, na nani anayafungulia.

Wanaofungulia ni vimeng'enya. Mtazame mfungaji wa Ramadhani alasiri: misuli yake inategemea sana asidi za mafuta. Ndani ya seli ya mafuta, kimeng'enya ATGL hukata asidi ya kwanza kutoka kwenye trigliseridi, yaani mafuta yaliyohifadhiwa, HSL hukata ya pili, MGL humalizia. Akifuturu, insulini hupanda na kazi hiyo hupoa. ATGL, kinachoanzisha yote, kilielezwa mwaka 2004 tu na kundi la Rudolf Zechner huko Graz, Austria. Miaka yote ya nyuma sifa zilikwenda kwa HSL.

Kwa mtu mnene kupita kiasi, seli za mafuta hutanuka na baadhi hufa. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huzizingira, na kinga huchachamaa polepole bila homa wala maumivu. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, huko Boston, walionyesha kuwa mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi protini ya TNF-alfa, na kwamba ikizuiwa, insulini hufanya kazi vizuri zaidi. TNF-alfa huidhoofisha insulini na kuchochea uvunjaji wa mafuta. Asidi humwagika kwenye damu hadi ini na misuli, nazo huzidi kuichokoza kinga.

Maelezo hayo yanavutia, pengine kupita kiasi. Wagonjwa wa kisukari walipopewa dawa za kuzuia TNF-alfa, matokeo hayakuwa kama ya panya. Dawa ya kanakinumabu, inayozuia protini nyingine ya kinga iitwayo interleukini-1 beta, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000: mashambulio ya moyo yalipungua, lakini haikuzuia visa vipya vya kisukari. Kwa maoni yangu, kinga iliyochachamaa ni mshiriki, si mkosaji pekee.

Basi ukisoma makala inayotangaza tiba mpya, tafuta kwanza aya inayosema waliotibiwa ni panya au ni watu.