Mwizi wa Motokaa Hutafuta Ufunguo



Katika likizo iliyopita, usiku wa manane, wezi walivunja nyumba ya jirani yetu mmoja. Sebuleni palikuwa na televisheni na simu mbili, lakini hawakuzigusa. Waliingia moja kwa moja chumbani, wakammulika mwenye nyumba kwa tochi, wakamwuliza neno moja tu: "Ufunguo wa gari uko wapi?" Aliposita kujibu alipigwa nondo ya kichwa. Kulipokucha motokaa haikuwapo, naye alikuwa hospitali akishonwa.

Tangu siku ile baba yangu akaanza kulala na ufunguo wa gari lake chini ya mto. Mdogo wangu wa miaka mitatu hulala chumba hicho hicho. Mimi nikawa sipati usingizi, maana niliona kwamba baba amewaonyesha wezi njia ya kufika kitandani pake.

Nilijiuliza: ikiwa motokaa hulala uani, mwizi anaingia ndani kutafuta nini? Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanifafanulia kwa subira. Haya niliyojifunza nawaletea ninyi, wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, kwa kuwa huenda yakamfaa mtu.

Zamani mwizi wa motokaa hakuhitaji ufunguo. Alivunja kioo, akang'oa kifuniko cha chini ya usukani, akaunganisha nyaya, na injini ikawaka. Kazi hiyo ilikuwa ya dakika chache tu. Huko Uingereza na Wales, mwanzoni mwa miaka ya 1990, motokaa zaidi ya 500,000 ziliibwa kwa mwaka mmoja.

Ndipo wahandisi walipobuni kizuizi cha injini, ambacho mafundi hukiita imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo huwekwa chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo unapotiwa katika swichi, koili ya waya iliyo pale huipa chipu nguvu kidogo ya umeme bila kuigusa. Chipu huamka na kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya injini ikiitambua namba hiyo, huruhusu mafuta na cheche. Isipoitambua, injini haiwaki, hata mtu akiunganisha nyaya zote. Tangu mwaka 1998 kila motokaa mpya katika nchi za Umoja wa Ulaya ilipaswa kuwa na kizuizi hicho. Australia ilifuata mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007. Wizi ukapungua sana; katikati ya miaka ya 2010, hesabu ile ya Uingereza na Wales ilikuwa imeshuka chini ya 100,000.

Lakini mwizi hakuacha tamaa yake. Alipoona mlango wa motokaa umefungwa kwa akili, alikwenda kwenye mlango wa nyumba, uliofungwa kwa komeo tu. Ufunguo ukawa na thamani kuliko televisheni. Wizi wa namna hii ulienea Uingereza hata polisi wa huko wakaupa jina lake mbali na uvunjaji mwingine wa nyumba.

Mwizi huupata ufunguo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuvua kama mvuvi. Huchukua fito ndefu yenye kulabu, akaipitisha katikati ya nondo za dirisha, akanasa suruali iliyotundikwa au ufunguo ulioachwa mezani. Wenye nyumba huamka asubuhi na kukuta suruali imelala uani, mifuko imetolewa nje.

Ya pili ni kuvunja mlango na kuwatisha watu. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwizi hukutana na mwenye mali uso kwa uso gizani.

Ya tatu ni ya kisayansi, na hapa ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Motokaa nyingi za siku hizi hazina tundu la ufunguo. Dereva hubeba rimoti mfukoni, akakaribia, mlango ukafunguka. Motokaa na rimoti huitana kwa mawimbi ya redio yafikayo hatua moja au mbili tu. Basi wezi huja wawili. Mmoja husimama karibu na ukuta wa nyumba akiwa na kifaa kinachonasa mawimbi, na wa pili husimama kando ya motokaa na kifaa kingine. Wito wa motokaa hufikishwa mpaka kwenye rimoti iliyo ndani ya nyumba, nayo hujibu kana kwamba mwenyewe yuko mlangoni. Motokaa hudanganyika, hufunguka na kuwaka. Tena ikishawaka haizimiki hata ikienda mbali na rimoti, kwa kuwa kuzimika ghafula barabarani kungeua watu.

Mali hii huenda mbali. Mwaka 2015 Lexus moja iliyoibwa Uingereza ilifuatiliwa kwa kifaa chake cha kuonyesha mahali, mpaka ikajulikana kuwa iko Uganda. Huko zikakutwa na nyingine zilizoibwa Uingereza. Kule, kama kwetu, usukani huwa upande wa kulia, kwa hiyo motokaa za namna hiyo hupata wanunuzi huku.

Sasa lipo swali gumu: ufunguo uwekwe wapi? Ukiwekwa karibu na dirisha, utavuliwa. Ukiwekwa chini ya mto, mwizi atakuja mtoni. Mwaka 2024, mjini Toronto nchini Kanada, askari polisi mmoja aliwashauri raia kwenye mkutano waache rimoti zao karibu na mlango wa mbele, ili wezi wazichukue na kwenda zao bila kumdhuru mtu. Watu wengi walikasirika, wakauliza kama polisi wameshindwa kazi. Kwa maoni yangu wote walikuwa na haki. Si vema kumrahisishia mwizi kazi, lakini askari yule aliona jambo moja la kweli: motokaa hununuliwa, na maisha hayanunuliwi.

Kwa hiyo natoa mashauri haya machache.

Kwanza, ufunguo usilale chumbani wala dirishani. Uwe mahali pamoja panapojulikana na watu wazima wa nyumba, mbali na dirisha na mbali na watoto.

Pili, wenye rimoti waiweke katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, maana mawimbi ya redio hupita kwa shida sana katika chuma kilichofungwa pande zote. Mwalimu wetu alitia redio ndogo ndani ya kopo na kulifunga. Sauti ikakatika, tukasikia mkwaruzo tu. Lakini makopo si sawa yote. Chukua kopo lenye rimoti, simama kando ya motokaa, jaribu kufungua mlango. Ukifunguka, tafuta kopo jingine.

Tatu, mwambie fundi wa umeme afiche swichi ya kukata pampu ya mafuta. Mwizi hata akiwa na ufunguo hatakwenda mbali.

Nne, itazame bima yako. Bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, humlipa mtu uliyemgonga. Hailipi motokaa iliyoibwa. Ilipayo wizi ni bima kubwa.

Tano, na hili ndilo kubwa: wezi wakiingia na kuudai ufunguo, wapeni. Wakishaondoka, pigeni simu polisi, namba 112, mtaje namba ya gari na njia waliyoshika.

Haya yote nilimwandikia baba barua. Siku ya kutembelewa alikuja, akaniambia kwa ukali kidogo, "Mwanangu, gari hilo la teksi ndilo nauli yako, sare yako na chakula cha wadogo zako. Nikilitoa kwa mwizi, kesho mtakula nini?" Nilimjibu, "Baba, tukilikosa gari tutakula kwa shida. Tukikukosa wewe, nani atatutafutia hata hicho cha shida?" Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kopo la maziwa ya unga lafaa.

Mama ameniarifu kwamba ufunguo sasa hulala sebuleni, ndani ya kopo, juu ya kabati. Chini ya mto wa baba hakuna kitu.

Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne