Diski Mbili, Masta Wawili

Kompyuta ililetwa mezani kwangu Majengo, Dodoma, ndani ya kiroba, jioni moja ya Agosti, upepo umeshauchafua mji. Mwenyewe, mzee wa zabibu, alikuwa ameambiwa kwingine kwamba diski "imekufa kwa vumbi". Hesabu zake za misimu minane zilikuwa humo.

Vumbi la Dodoma husingiziwa mengi. Feni linaiziba kweli, na pawa saplai linaiunguza. Lakini sahani za diski zimo ndani ya kasha, na hewa hupita kwenye kitundu chenye chujio. Hewa hiyo inatakiwa, kwa sababu kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kugusa sahani.

Nikafungua sipiyu. Waya bapa mmoja wa pini 40, diski mbili. Ya pili ilikuwa imeongezwa majuzi, bado inang'aa.

Zamani diski haikuwa na akili. Ile ya Seagate ya 1980, ST-506, ya megabaiti 5, iliendeshwa na kadi ya pembeni, yaani kontrola, kwa nyaya mbili: moja ya amri, nyingine ya data. Kadi ndiyo iliyosogeza kichwa hatua kwa hatua. Wengi wetu hatukuziona diski hizo. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini tangu 1974. Kufikia 1986 Western Digital na Compaq walikuwa wameihamishia kontrola kwenye diski yenyewe, ndiyo IDE. Tangu hapo kompyuta huomba tu kipande cha data, na diski hukitafuta kwa njia zake.

Sasa fikiria kontrola mbili kwenye waya mmoja. Amri ikitumwa, zote zinaisikia. Ndani ya amri kuna alama inayosema ni ya nani, masta au slevu, na kila diski hujua jina lake kutokana na jampa, kale kaplastiki kadogo kanakounganisha pini mbili nyuma yake.

Hapa zote mbili zilikuwa masta. Zilijibu kwa pamoja, bayosi, programu ya kuiamsha kompyuta, ikasikia kelele tupu, ikaandika hakuna diski. Nikachomoa jampa ya ile mpya kwa kibanio, nikaihamishia kwenye slevu. Dakika moja.

Mzee alipoona mafaili yake hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kwa nini diski mpya, aliyoinunua kwa gigabaiti 160, inaonyesha 137.

"Mashine hii huita kila kipande kwa namba ya biti 28, mzee. Namba zinaishia hapo."

"Na zile ishirini na tatu?"

"Zipo. Ila mashine haina jina la kuziitia."