Saa sita ya muchana, Muchina yuko kwao

KOLWEZI. – Siye watumikaji wa mine tunajua maana ya saa sita ya muchana. Ni saa ya bukari. Tunaketi chini ya muti, watu wane sahani moja, na ni pale tunajuana: nani amefiwa, nani mutoto wake amefukuzwa kwa masomo juu ya feza, nani anaumwa mugongo. Mutu mupya akikula nasi mwezi mumoja, anakuwa ndugu.

Wachina hatuwaoni pale. Zamani tulisema ni kiburi. Kumbe saa sita ya kwetu, kwao China ni saa kumi na mbili ya jioni. Mutoto ametoka masomoni, mama anapika. Ni saa ile Muchina anafungua WeChat na kuona sura za watu wake. Akitoka kazini usiku, kule wote wamelala. Basi, saa yetu ya kujuana ndiyo saa yake ya kurudia nyumbani.

Ile WeChat, wao wanaiita Weixin. Ilianza mwaka 2011, ni kazi ya kampuni Tencent ya muji wa Shenzhen. Ndani yake wanaandikiana, wanasoma habari, wanalipa na kutumiana feza. Wengine wanauliza: juu ya nini hawatumikishe WhatsApp sawa siye? Ni kwa sababu serikali ya China imefunga Facebook tangu 2009, na WhatsApp pia imefungwa kule. Mama muzee aliyebaki kijijini anampata mwana wake kwa WeChat, si kwingine.

Usiku, katika vyumba vya kambi, ni Douyin, ndugu ya TikTok: video fupi-fupi za kwao, vichekesho vya kwao, luga ya kwao. Tena kuko makundi ya Wachina wanaoishi huku Congo. Wametuelezea wenyewe: mule wanaulizana bei ya dolari, njia gani ina barriere, nani ameibiwa. Habari zile zinawasaidia, hatukatae. Lakini mutu anayejua Kolwezi kwa habari za wezi tu, ataogopa hata mama anayeuzisha ndizi.

Sasa, tatizo lenyewe. Kwenye kampuni moja, kijana Muchina wa garaji alikuwa na miaka mbili huku. Tunamuitaga «Haraka», maana ndilo neno la kwanza alilolijua. Siku moja kamio kubwa ilikuwa inarudi nyuma, naye amesimama nyuma yake. Tulipiga makelele: «Toka! Toka!» Yeye akageuka kutuangalia, akacheka kidogo. Hakujua «toka» ni nini. Mwenzetu mumoja akamukamata kwa jile na kumuvuta. Kamio ikapita pale alipokuwa.

Miaka mbili! Na ile «toka» ingemuua. Lakini tujiulize na siye: ni nani alimufundisha? Siye wenyewe neno la kichina la hatari hatukulijua. Kesho yake, ingekuwa yeye anapiga makelele na siye tunacheka.

Delege wa sindika walipeleka mambo kwa wakubwa. Tuliomba mukalimani abaki garajini. Jibu likawa feza hakuna. Basi tukafanya kwa akili yetu. Tulichagua maneno makumi mbili: toka, simama, moto, jiwe linaanguka, zima mashine, mutu ameumia. Tukayasema kwa sauti katika telefone ya Haraka, naye akayasema kwa kichina. Akayatuma katika kundi la WeChat la wenzake wa garaji. Siye tukayatia katika kundi letu la WhatsApp. Masikio yao yanakaa ndani ya WeChat. Tukapeleka kiswahili kulekule.

Wengine kati yetu walikasirika: «Muchina amekuja kwetu, ajifunze yeye!» Tunawaelewa. Lakini wandugu, tuangalie watoto wetu walio Bruxelles. Jioni wako katika WhatsApp na siye, wanasikiliza muziki wa kwetu, wanafuata habari za kwetu. Tunafurahi sana. Tukisikia mutoto hajui jirani yake Mubeleji, hatusemi ni kiburi. Tunasema: mutoto anakumbuka nyumbani.

Kwa hiyo hatuombi Muchina aache telefone yake. Kunyanganya mutu sauti ya mama yake si kazi ya sindika. Tunaomba vitu viwili. Kwa kampuni: saa moja kila juma, yenye kulipwa, Wachina na Wakongomani pamoja, kwa kujifunza maneno ya usalama katika luga zote mbili, maana kibao cha ukutani hakipige makelele. Kwa wenzetu: hata kama saa sita iko ya mama na mutoto, saa mbili ya asubui, mbele ya kazi kuanza, Muchina hana telefone mukononi. Tumusalimie pale, na tumufundishe neno moja.

Haraka sasa anajua «toka». Anajua pia «bukari», lakini bado anaikula na kijiko.