Hawakufika Burma

Wengi wetu tumekua na mzee wa Burma kijijini, aliyepigana huko katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alirudi na koti zito la jeshi, maneno mawili matatu ya Kihindi na hadithi za matope na mvua isiyokatika. Tulipozisikia hadithi zile tulidhani ndizo zote. Kumbe wapo walioondoka kwa njia ileile, katika bandari ileile ya Kilindini, ambao hawakuiona Burma wala hawakurudi kutusimulia chochote.

Mapema Februari 1944, Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki kilipanda meli iitwayo Khedive Ismail. Walikuwa 996, maofisa na askari pamoja, wakienda Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye mwaka huohuo iliingia Burma kupigana na Wajapani. Humo melini walikuwamo pia wanamaji wa Uingereza 271, wauguzi zaidi ya 50 na wanawake wengine wa jeshi. Ukijumlisha na mabaharia, watu 1,511.

Meli yenyewe haikuwa manowari. Iliundwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua, kazi yake kubeba abiria. Mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri, ikapewa jina la Ismail, mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita vilipopamba moto Waingereza wakaichukua kusafirishia askari. Ilikuwa imeshaivuka Bahari ya Hindi kwa njia hiyo mara kadhaa, ikafika salama.

Tusiichukulie vita ile kuwa ya mbali. Wajapani walipoishambulia Ceylon kwa ndege mwezi Aprili 1942, Waingereza waliihamishia Kilindini kambi kuu ya manowari zao za Mashariki. Katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, waliketi wataalamu wakifumbua simu za siri za jeshi la majini la Japani. Kusini kidogo, katika Mlango wa Msumbiji, nyambizi za Japani zilizamisha meli nyingi za mizigo mwaka huohuo. Mpwani aliyekuwa akisafiri na jahazi miaka hiyo alijua kwamba chini ya maji kuna kitu.

Msafara ulikuwa wa meli tano za askari, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins na manowari mbili za kasi, Petard na Paladin. Jumamosi ya tarehe 12 Februari walikuwa wamekaribia kuvuka Visiwa vya Maldivi. Saa nane na nusu mchana, jua kali, bahari shwari. Abiria wengine walikuwa ukumbini wakiburudishwa kwa muziki. Mlinzi akaona darubini ya nyambizi ikichomoza majini, akapiga kelele, na wapiga mizinga wa meli wakafyatua. Walikuwa wamechelewa. Nyambizi I-27 ya nahodha Toshiaki Fukumura ilikwisha kurusha topido, na mbili zikaipiga Khedive Ismail.

Ilizama kwa dakika mbili hivi.

Nakuomba msomaji uzipime dakika hizo kwa saa yako. Uko kwenye sitaha ya chini, ngazi ya kutokea ni moja, nyembamba, na wenzako mia wanaitaka kwa wakati mmoja. Meli inalala ubavu, kwa hiyo ngazi iliyokuwa imesimama sasa imelala kama daraja, na mlango uliokuwa mbele yako uko juu ya kichwa. Moshi unatoka nyuma, maji yanapanda kutoka chini. Na wengi wa vijana wale walitoka bara, hawakukulia baharini kama watoto wa Lamu au Pemba. Aliyeokoka ni yule aliyekuwa juu tayari, karibu na ukingo, akaruka.

Hata kuruka hakukutosha, na hapa ndipo roho yangu inapoumia zaidi. I-27 haikukimbia. Mitambo ya kusikilizia ya Petard iliionyesha iko chini, karibu na pale walipokuwa wakielea waliookoka. Meli nne za askari zilikuwa bado ndani ya uwezo wake. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, akaamuru yamwagwe mabomu ya kina, yaani mapipa ya baruti yanayolipukia chini ya maji. Maji hayabonyei kama hewa. Mshindo hupita ndani yake mzima mzima na kupasua mapafu na matumbo ya aliyemo. Watu waliokwisha kukwepa topido na moto wakafa mbele ya macho ya mabaharia waliokuja kuwaokoa.

Simlaani Egan. Angeiacha nyambizi ile, huenda tungehesabu meli mbili au tatu. Lakini naona uchungu kwamba habari hii inaposimuliwa Ulaya, mara nyingi ni habari ya uamuzi wa nahodha huyo, au ya wauguzi waliopotea, nao wanastahili kuliliwa. Mpiga mizinga Mwafrika hubaki tarakimu.

Mabomu yale yakailazimisha nyambizi kuibuka. Paladin ikataka kuigonga, ikachanika ubavu. Mizinga ya Petard ikashindwa kuitoboa. Ndipo Petard nayo ikatumia topido, moja baada ya nyingine zikikosa, hadi ya saba ikaivunja. Mapambano yalipita saa mbili.

Katika watu 1,511, waliopona ni 214: wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, ambaye kabla ya vita aliwapeleka duma wa Kenya kushindana mbio Uingereza, na wakati wa vita akaandika juu ya askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kule Madagaska.

Ukipita Ngong Road, Nairobi, ingia katika makaburi ya vita. Pale pana mnara wa kumbukumbu ya askari wasio na makaburi, na wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 wanakumbukwa pale. Kwa Wajaluo, mtu akifa maji na mwili usionekane, huchumwa tunda la mwegea, lile refu na zito kama kiwiliwili cha mtoto. Huitwa yago. Huchimbiwa kaburi nyumbani kwao, likazikwa mahali pake, na watu wakalilia jina lake.