Fedha Mkononi mwa Maskini

Kuna neno lisikikalo mara nyingi katika baraza zetu, na hata katika milango ya misikiti: "Maskini usimpe fedha, mpe chakula, ukimpa fedha ataziharibu." Neno hili limekaa katika vinywa vya watu hata limekuwa kama sheria, wala hapana aulizaye limetoka wapi, au ni nani aliyelipima akaliona kuwa ni kweli. Mtu huwa na fedha za sadaka mkononi, na jirani yake hana mbegu ya kupanda. Naye badala ya kumpa fedha humpelekea kilo mbili za mchele, kisha hurudi nyumbani ameridhika nafsini mwake. Mchele ule huliwa siku mbili, na shamba hubaki tupu. Katika makala haya twataka kulipima neno hilo kwa mambo yaliyotendeka kweli katika nchi ya Kenya, ili kila mwenye nyumba na kila kijana aone, kisha ahukumu mwenyewe.

Kwanza yatupasa tuifahamu hali ya mkulima maskini. Twende hata Siaya, upande wa magharibi wa Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Watu wa huko hulima mahindi, maharage, mtama na muhogo katika vishamba vidogo vya urithi. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na mavuno hayaji mpaka karibu na Julai au Agosti. Ifikapo Mei na Juni akiba ya nyumba imekwisha. Basi mkulima huyu hufanya nini? Huliacha shamba lake wakati ule ule linapohitaji kupaliliwa, akaenda kupalilia shamba la mwenziwe kwa ujira wa siku, ili watoto wale jioni. Magugu hulimeza shamba lake. Avunapo hupata kidogo, na hicho kidogo hukiuza upesi, bei ikiwa chini, ili alipe madeni na karo ya shule. Kisha baada ya miezi michache hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Hivyo umaskini wa mwaka huu ndio unaouzaa umaskini wa mwaka ujao.

Tazameni tena nyumba yake. Ameezeka kwa nyasi, na nyasi hutaka kubadilishwa kila mwaka au kila miaka miwili. Bati lingemkalia miaka kumi na zaidi, na maji ya mvua angeyakinga safi katika pipa. Kwa hesabu ya miaka mingi bati ni rahisi kuliko nyasi. Lakini bati hulipiwa siku moja, na fedha za siku moja hana. Mtu huyu si mvivu, wala si mjinga wa mambo yake. Anajua vyema lipi lingemfaa. Alilokosa ni fedha za kutosha kwa wakati unaofaa.

Sasa tuyaeleze yaliyotendeka. Mwaka 2007 ilianza nchini Kenya huduma ya M-Pesa, ambayo kwayo mtu hupokea fedha kwa simu ya mkononi, akaenda kuzichukua kwa wakala wa dukani bila ya kuwa na hesabu katika benki. Baada ya hapo wasomi wachache wa elimu ya uchumi kutoka Marekani walianzisha chama kiitwacho GiveDirectly, wakaanza kazi yao Kenya, na mwaka 2011 wakaufungua mlango wa kupokea michango ya watu wote. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Waliingia kijijini, wakaandika nyumba zilizo maskini, na alama yao hapo mwanzo ilikuwa ile ile paa ya nyasi. Wakahakikisha majina, kisha wakapeleka fedha katika simu ya mwenye nyumba. Hawakumwambia nunua hiki wala usinunue kile.

Ili ijulikane kama fedha zile zafaa au zapotea, mabwana wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, walifanya utafiti huko Rarieda katika Siaya kati ya mwaka 2011 na 2013, wakaueneza kwa chapa mwaka 2016. Nyumba zipatazo 500 zilichaguliwa kwa kura zipewe, na nyingine zikaachwa ili zilinganishwe nazo. Baadhi zilipata shilingi 25,200, na nyingine shilingi 95,200. Katika nyumba nyingine alipewa mke, na katika nyingine mume, nayo hayo pia kwa kura.

Je, fedha zilikunywewa pombe? Hapana. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Yaliyoongezeka ni chakula, dawa, elimu ya watoto na mifugo, na nyumba nyingi zikaezekwa kwa bati. Matumizi ya nyumba kwa mwezi yalizidi kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Watu walipoulizwa juu ya nafsi zao, huzuni na wasiwasi vilionekana vimepungua. Wala haikuonekana tofauti kubwa kati ya fedha alizopewa mke na zile alizopewa mume.

Hebu tuitazame nyumba moja, si ya mtu maalumu, bali ni mfano tunaouchora wenyewe kutokana na hali za nyumba nyingi za huko. Baba na mama wana watoto wanne na shamba la ekari moja. Simu inalia, na fedha zimefika. Usiku ule watoto hulala, na wazazi hukaa wakifanya shauri. Kwanza walipe deni la dukani. Pili wanunue mbegu njema na mbolea kabla ya mvua. Tatu wanunue ng'ombe mmoja jike, au mbuzi wawili, ambao watakuwa akiba yao siku ya ugonjwa. Zitakazobaki ni za mabati. Mwaka ule baba haendi kupalilia shamba la mtu mwezi wa Mei, anapalilia lake. Avunapo haharakishi kuuza, kwa kuwa hana mtu mlangoni anayemdai. Hili la kukaa usiku na kufanya shauri ni jambo ambalo mchele wa kilo mbili haulileti.

Wengine watasema: "Na wale jirani wasiopata? Bei za vitu hazitapanda juu yao?" Swali hili ni la haki, nalo lilichunguzwa pia. Katika Siaya hiyo hiyo, sehemu za Alego, Ugunja na Ukwala, zilichukuliwa nyumba zipatazo 10,500 katika eneo la vijiji 653, kila moja ikapewa shilingi zipatazo 87,000, ambazo zilikaribia robo tatu za matumizi yake ya mwaka. Matokeo yalitolewa kwa chapa mwaka 2022. Ilionekana kwamba kila shilingi iliyoingia iliongeza pato la mahali pale kwa shilingi mbili na nusu hivi, kwa sababu aliyepewa alinunua kwa mwenye duka, mwenye duka akamlipa fundi, fundi akanunua mahindi kwa mkulima. Hata jirani asiyepewa alipata kazi na wanunuzi. Bei zilipanda kidogo mno, moja kwa elfu tu.

Tena lipo jambo kubwa kuliko yote hayo. Mwaka 2025 watafiti walitoa hesabu ya watoto waliozaliwa katika vijiji hivyo. Katika nyumba zilizopata fedha, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka vilipungua karibu nusu. Sababu walizozitaja zafahamika na kila mama: mjamzito alipata njia ya kufika hospitali kuzalia, alikula vizuri zaidi, na aliweza kupumzika kazi katika miezi ya mwisho na ile iliyofuata uzazi. Nusu ya makaburi madogo hayakuchimbwa. Aliye na mtoto nyumbani mwake na azingatie hilo.

Lakini hatupendi kumdanganya msomaji kwa kumtajia mazuri peke yake. Huko Rarieda, jirani waliowaona wenzao wakipewa nao wakaachwa walipungukiwa na kuridhika na maisha yao. Na hili si ajabu, maana moyo wa binadamu ni ule ule. Huko Homa Bay, miaka ya 2015 na 2016, karibu nusu ya walioandikiwa msaada waliukataa, wakiona kwamba fedha zisizo na jasho wala masharti haziwezi kuwa na asili njema, na uvumi wa ibada za shetani ukaenea. Kutoa kwahitaji kueleza, na kuwatanguliza wazee wa mahali. Miaka mitatu baada ya utafiti wa kwanza, mali za waliopewa zilikuwa bado zimezidi, ila faida nyingine hazikuwa wazi kama mwanzo. Tena fedha za mtu mmoja hazijengi barabara, hazichimbi kisima cha kijiji, wala hazileti mganga katika zahanati isiyokuwa naye. Hayo yabaki juu ya serikali na juu ya jamii nzima.

Lipo pia somo katika namna ya kutoa. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2016 katika kijiji kimoja, kisha yakaenea Siaya na Bomet, baadhi ya watu wazima walipewa shilingi 2,250 kila mwezi, na wengine wakapewa kwa mkupuo mmoja. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopewa kwa mkupuo, na wale walioahidiwa fedha za kila mwezi kwa miaka kumi na miwili, walianzisha biashara kuliko waliopewa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Wengi wa waliopata kila mwezi waliingia katika vyama vya mzunguko, yaani upatu, ili kila mmoja kwa zamu yake apate fungu kubwa. Kwa hiyo wao wenyewe waligeuza kidogo kuwa kikubwa, kwa kuwa walijua kwamba kidogo hushibisha, na kikubwa husimamisha mtu.

Watu wa Siaya wengi wao ni Wakristo, nasi hatukuwataja kwa ajili ya dini yao, bali kwa kuwa tabu ya mkulima ni moja. Mwenye kishamba cha mahindi Kwale au Kilifi anaijua njaa ya Mei kama anavyoijua mwenziwe wa Siaya. Na sisi Waislamu tunayo mali ambayo Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa ni haki ya maskini. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ameyataja mafungu manane ya wapewao zaka, na mafakiri na maskini ndio wa kwanza kutajwa. Wanavyuoni wamezungumza sana juu ya kiasi cha kumpa fakiri. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, Imam Nawawi ameeleza kwamba hupewa kile kitakachomtoa katika uhitaji: mwenye kazi ya mkono apewe kiasi cha kununua vyombo vya kazi yake, na mfanya biashara apewe mtaji wa kumfaa. Ziko kauli nyingine zilizo chini ya hiyo, na zaka ya fitri ina hukumu yake mbali, ambayo katika madhehebu hayo hutolewa chakula. Lakini kusudi la zaka ya mali ni wazi: maskini wa mwaka huu asiwe maskini wa mwaka ujao.

Basi tujiulize, twafanya hivyo? Tajiri mmoja huzigawa zaka zake kwa watu mia mbili waliojipanga juani mlangoni pake, kila mmoja akaondoka na noti moja. Mwaka ujao wale mia mbili hurudi, na wengine juu yao. Lau angewachagua kumi, akawapa cha kutosha mbegu, ng'ombe au cherehani, huenda mwaka ujao wachache kati yao wangerudi, na wengine wangekuwa watoaji. Na familia ndogo zisizo na mali nyingi zaweza kushirikiana: nyumba tano au sita za mtaa mmoja zikakusanya sadaka zao za miezi kadha, wakamtazama mkulima mmoja wamjuaye, wakampa kwa pamoja kabla ya masika, kwa siri na kwa heshima. Asipigwe picha. Asihutubiwe. Akitaka shauri ataliomba.

Nanyi vijana, mnaojua simu kuliko baba zenu, kazi hii ni yenu. Mna jamaa mashambani, shangazi na wajomba, ambao huwapelekea shilingi mia mbili leo na mia mbili mwezi ujao kila waliapo. Kaeni na ndugu zenu mfanye hesabu, mziweke, kisha mpeleke fungu moja wakati wa kulima, na mwacheni mwenye shamba aamue mwenyewe. Huenda akakosea, kama sisi tunavyokosea katika fedha zetu. Lakini aliyelala na njaa shambani mwake miaka yote hiyo ndiye ajuaye zaidi njaa hiyo huingilia mlango gani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutoa kwa moyo safi na kwa akili, na awape ndugu zetu wakulima mvua njema na mavuno ya baraka. Amin.