Kilwa Kisiwani: Mgeni anavuka bahari, fedha zinabaki ng'ambo

MTU anayetoka Dar es Salaam kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani hukata zaidi ya kilometa 300 za lami, kisha anamalizia safari yake ndani ya mashua, katika mkono wa bahari wa kilometa mbili hivi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kifupi kuliko vyote, lakini kibiashara ndicho kizito. Kinaamua nani atakula matunda ya utalii na nani atabaki kuwaangalia wageni wakipita.

Mabasi ya Kusini huanza safari alfajiri, na abiria wengi hupandia Mbagala Rangi Tatu. Mgeni asiyejua njia anashauriwa kuuliza jambo moja kabla ya kulipa nauli: je, basi linaingia Kilwa Masoko, au linaendelea na safari ya Lindi na Mtwara? Kama linaendelea, atashushwa Nangurukuru, njia panda yenye pilikapilika nyingi, na hapo atatafuta gari dogo la kumfikisha Masoko, karibu kilometa 30 mbele. Wenye haraka na fedha hukodi ndege, kwani Masoko ina uwanja mdogo.

Vijana wa leo wanaolalamikia safari hiyo hawajui wazee wao walivyopata tabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalikuwa yakivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Kivuko kikiharibika, au mto ukifurika, abiria walilala porini na samaki wa mfanyabiashara wakaozea njiani. Daraja hilo, lenye urefu wa meta 970, liliondoa kikwazo kikubwa, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kikabaki vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika kwa miaka mingine kadhaa kabla ya kuwekwa lami.

Hata lami haijamaliza maneno. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilisomba barabara eneo la Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa na mikoa ya Kusini ikatengwa na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayepanga safari kati ya Machi na Mei aweke akiba ya siku na ya fedha. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, ni salama zaidi kwa barabara, ingawa upepo wa kusi huweza kuchafua bahari.

Ukifika Masoko usikimbilie ufukweni kutafuta mashua. Kisiwa hicho ni urithi unaolindwa kisheria, hivyo mgeni hupata kwanza kibali na mwongozaji hapo Masoko, kisha ndipo huvuka. Jambo la pili ni kuuliza maji. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali sana, na abiria hulazimika kukunja suruali au kupandisha kanga na kutembea majini hadi nchi kavu. Anayetaka kuunganisha hadi Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu ya mji mwingine, ndiye hasa anayepaswa kujua saa za kujaa na kupwa, maana huko chombo hupita kando ya mikoko na maji yakitoka mapema nahodha hana la kufanya ila kusubiri.

Baada ya tabu hiyo, mgeni anakuta nini? Anakuta ngome inayoitwa Gereza ikiwa imesimama karibu na maji, kisha kijiji cha wavuvi na wakulima, na katikati ya minazi na mibuyu unatokea Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mwendo wa miguu kutoka hapo, juu ya genge linalotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kwa uzuri wake.

Kwa ukurasa huu wa biashara, swali la maana ni mji huo ulipata wapi fedha za kujenga hayo yote. Jibu ni upepo na dhahabu. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mwambao ambao chombo kiliweza kufika na kurudi katika msimu mmoja. Dhahabu ya bara, kutoka upande wa Zimbabwe ya sasa, ilitolewa bandari ya Sofala, na Kilwa ikajiweka katikati na kutoza ushuru. Watu wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba zenye majina ya masultani. Moja yenye jina la al-Hasan iliokotwa Great Zimbabwe, na nyingine zikaokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nani alizifikisha huko ni kitendawili. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka.

Ni wazi basi kwamba waliojenga Kilwa walielewa faida ya kukaa pale ambapo mgeni hana budi kusimama. Sasa hivi mambo yamegeuka. Mgeni analala Masoko, anakula Masoko, analipa Masoko, na mara nyingi anavuka asubuhi na kurudi kabla ya jioni. Kinachobaki Kisiwani ni bei ya madafu, ujira mdogo, pengine ukili au samaki walionunuliwa kwa mvuvi. Kijiji kinaendelea kuishi kwa uvuvi, nazi, kilimo cha kujikimu na mwani unaolimwa na akina mama, zao ambalo aina yake yenye bei nzuri hufa maji ya bahari yanapopata joto.

Wanakijiji wana sababu ya kudai zaidi. Magofu hayo na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mizizi ilikuwa ikipasua kuta na mawimbi yalikuwa yakila ufukwe. Yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka mingi iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa nje, lakini mikono iliyofyeka, iliyochanganya chokaa na kuziba nyufa ilikuwa pia ya wenyeji. Ujuzi wa kujenga kwa chokaa na matumbawe haupatikani kila mahali, na fundi mwenye ujuzi huo asipopata kazi hurudi kwenye nyavu.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Chakula cha mchana cha wageni kinaweza kupikwa Kisiwani, kwa samaki na nazi za hapo hapo, iwapo waandaaji wa safari watatoa taarifa jana yake badala ya kufungasha vyakula Masoko. Mashua zinaweza kuwa za ushirika wa kijiji, kwa nauli iliyobandikwa ukutani ili mgeni asianze kupatana bei juani. Meli za kitalii zinapotia nanga mbele ya kisiwa na kushusha wazee wa Kizungu kwa saa chache, meza ya kuuzia mikeka na mafuta ya nazi haihitaji mkopo wa benki.

Upande wa pili wa maji, Masoko yenyewe inakua. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapo, na gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Mvuvi wa Kisiwani atauza samaki wake katika bandari hiyo kama atakuwa na barafu na chombo cha kuvukia kwa wakati. Asipokuwa navyo, atamngoja mchuuzi ufukweni, na mchuuzi ndiye atakayepanga bei.