Mwanga wa leza kwa goti linalouma: unasaidia kwa kiasi gani?

Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake wa Msimbati na vijiji vingine vya Ghuba ya Mnazi hushuka miambani kusaka pweza na kuokota chaza. Ni kazi ya kuinama, kuchuchumaa na kukanyaga mawe yanayoteleza, kisha kupanda ufukweni na mzigo kichwani. Msimu wa korosho ukifika, kuinama huko huhamia chini ya mikorosho. Ndiyo maana mikoani kusini maumivu ya magoti ni jambo la kawaida kwa waliovuka miaka 50.

Mara nyingi chanzo ni kulika kwa gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu likipungua, mfupa nao hubadilika, utando wa ndani huvimba, goti hukakamaa asubuhi na huuma mtu anapopanda ngazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa huu, milioni 365 kati yao ukiwa gotini. Takriban asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Hakuna dawa inayorudisha gegedu lililokwisha.

Hapo ndipo leza inapotajwa.

Si ile leza ya upasuaji inayokata nyama. Hii ni ya nguvu ndogo, na historia yake ilianza Budapest mwaka 1967, daktari Endre Mester alipomulika panya walionyolewa na kukuta manyoya yanaota upesi zaidi pale palipopigwa mwanga. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba mwanga mwekundu, au ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hupenya ngozi na kufyonzwa na mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Seli hupata nguvu na uvimbe hupungua.

Tiba yenyewe haina vishindo. Mgonjwa na mtaalamu wa fiziotherapia huvaa miwani ya kukinga macho, kisha kichwa cha mashine hugusishwa kwenye ngozi, nukta baada ya nukta, kando ya mstari wa kiungo. Mgonjwa huweza asihisi chochote. Hurudi mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2015 watafiti walichambua majaribio 9 yenye wagonjwa 518 wakakosa ushahidi wa kuridhisha. Mwaka 2019 uchambuzi mwingine, uliochapishwa na jarida la BMJ Open, ulikusanya majaribio 22 yenye wagonjwa 1,063. Ukilinganisha na waliowekewa mashine isiyotoa mwanga wa tiba, maumivu yalishuka kwa wastani wa alama 14 kwenye kipimo cha 100, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale kipimo cha mwanga kilipofuata viwango vilivyopendekezwa. Hata hivyo, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unaelekeza leza isitolewe kwa ugonjwa huu, kwa kuwa ushahidi bado hautoshi.

Mwongozo huohuo unatanguliza mazoezi, na kwa mwenye uzito mkubwa, kuupunguza. Zoezi moja halihitaji umeme wala nauli: keti kwenye benchi, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza msuli wa paja, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Rudia mara kumi, kisha badilisha mguu. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Dawa ya kupaka ya diklofenaki nayo husaidia. Vidonge vyake vikimezwa kila siku kwa miezi huweza kudhuru tumbo na figo.

Kwa wakazi wa Mtwara, pa kuanzia ni zahanati ya karibu, ambayo itampa mgonjwa rufaa kwenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Goti lililoharibika kabisa huweza kubadilishwa kwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Anayeuziwa tiba ya leza popote aulize kabla ya kulipa: mashine inatoa mwanga wa nanometa ngapi, juli ngapi kwa kila nukta, na jumla ya gharama ni kiasi gani. Na goti lililovimba ghafla, likawa la moto na kuambatana na homa, lisisubiri mashine yoyote; huenda ni maambukizi, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.